Je, Mtu Akikua Huacha Kupenda Baridi?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wenzangu wa bweni walinipa jina la "Bwana Hewa" tangu nilipokuwa kidato cha kwanza, nami sikulikataa. Wako wapendao mpira, wako wapendao muziki. Mimi napenda hali ya hewa, na katika hali zote za hewa napenda baridi. Najua wasomaji wengine watashangaa, maana Mpanda si mahali panaposifiwa kwa baridi. Mwenzetu mmoja atokaye Sumbawanga, mji ulio juu katika uwanda wa Ufipa, hucheka sana akitusikia tukilalamika mwezi wa Julai. Asema baridi ya namna hii kwao ni ya kuanikia nguo. Walakini kila mtu huipima baridi kwa ngozi aliyokulia nayo, na kwetu sisi kipupwe ni kipupwe.

Mwanzoni mwa muhula huu, katika mabishano yetu ya baada ya chakula cha jioni, rafiki yangu mmoja alisema kwamba kupenda baridi ni jambo la kitoto. Alisema watoto huipenda kwa kuwa hawana kazi, na ya kwamba hajamwona mzee hata mmoja aipendaye. Basi nami nikikua nitaiacha, kama nilivyoacha kuendesha matairi ya baiskeli barabarani. Nilimjibu kwa ukali kuliko ilivyonipasa. Usiku ule nililala nikiwaza kama amesema kweli. Makala haya ndiyo majibu yangu, na naomba radhi kwake na kwa wasomaji kwa kuwa si majibu ya neno moja.

Kwanza yafaa nieleze baridi yetu yatoka wapi. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja: kwa kawaida huanza mwezi wa Novemba na kwisha Aprili au mwanzo wa Mei. Zikiisha, mbingu hutakata. Mwezi wa Juni jua huwa limekwenda kaskazini, na tarehe 21 hivi huwa limefika juu ya Tropiki ya Kansa, mbali nasi tulio nyuzi sita na kitu kusini ya Ikweta. Tena upepo mkavu wa kusini mashariki huvuma. Mchana jua latosha kabisa. Lakini usiku, kwa kuwa hakuna mawingu ya kuifunika, ardhi hutoa joto lake likapanda juu likapotea. Mawingu ndiyo blanketi la nchi. Wala baridi kupita zote si ya usiku wa manane kama wengi wasemavyo. Ardhi huendelea kupoteza joto mpaka jua litokeze, kwa hiyo saa ya baridi kali ni ile ya mapambazuko. Na hapa Mpanda mapambazuko hukawia, kwa sababu tuko magharibi ya nchi lakini saa zetu ni zile zile za Dar es Salaam. Mwezi wa Julai jua letu halichomozi mpaka saa moja imekwisha kupita. Mwanafunzi wa Mpanda huanza siku yake gizani, na katika giza hilo ndimo baridi inamokaa.

Nimezaliwa Inyonga, katika nchi ya asali. Nilipokuwa na miaka sita au saba, baridi kwangu ilikuwa vitu vichache tu: moto wa kuni jikoni kwa bibi, uji uliouchoma ulimi wangu kila siku kwa kuwa sikutaka kungoja, ukuta wa mashariki wa nyumba tulikokaa kuota jua, na kanga ya bibi ambayo nusu yake ilikuwa yangu. Niliipenda baridi kwa kuwa kila mara iliishia mahali penye joto. Sikujiuliza kuni zimetoka wapi, wala ni nani aliyeamka kuziwasha. Sikuona kwamba nusu ile ya kanga niliyofunikwa mimi ilimwacha bibi na bega moja wazi. Mtoto huipata baridi ikiwa imekwisha kupunguzwa makali na watu wengine. Katika jambo hili rafiki yangu amesema kweli.

Baadaye nikaja shuleni hapa, na nilipokuwa na miaka kumi na minne kupenda kwangu kukabadilika. Mwalimu wetu wa jiografia alituruhusu kuchukua kipimajoto kimoja cha maabara. Tukatengeneza sanduku la mbao, tukalipaka rangi nyeupe, tukalitoboa pande zote ili hewa ipite na jua lisiingie, tukalisimamisha juu ya miguu yake mbali na majengo, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Masanduku ya namna hiyo hutumika duniani kote, na aliyeyabuni ni Thomas Stevenson wa Scotland, mjenzi wa minara ya taa za baharini. Mwanawe ndiye Robert Louis Stevenson aliyetunga hadithi ambayo wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili kwa jina la Kisiwa Chenye Hazina. Nililipojua hilo nilifurahi mno, nikaona kama kwamba sanduku letu nalo lina hazina ndani yake.

Vipo vipimajoto vinavyojiwekea alama vyenyewe pale joto liliposhuka kabisa, mtu akaja kusoma baadaye akiwa ameshiba. Chetu si cha aina hiyo. Chetu husema lile lililopo sasa hivi tu, basi sharti mtu aende saa ile ile. Kila siku saa moja kasoro robo, baada ya usafi na kabla ya mstari, nilivuka uwanja katika umande, nikasoma, nikaandika katika daftari. Nilipenda nambari. Nilifurahi iliposhuka kama wengine wafurahivyo timu yao inapofunga goli. Nyuma ya daftari niliandika ya kwamba tarehe 21 Julai 1983, katika kituo cha Vostok huko Antaktika, joto lilishuka mpaka nyuzi 89.2 chini ya sifuri, na ya kuwa hapana mahali pengine duniani ambapo chombo cha kupimia kilichowekwa ardhini kimepata kuonyesha nambari ya chini kuliko hiyo. Angalieni mwezi: Julai, kama sisi! Nami nikawa naitazama 13 yangu nikiionea haya.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, nilichaguliwa kuwa kiranja. Hapo likatokea jambo ambalo sikulitazamia. Nilianza kuona uvivu kuvuka uwanja. Mwanzo nilidhani naumwa. Sikuumwa, ila kiranja huruhusiwa kukaa karibu na jiko la shule wakati uji unapogawiwa, na jiko lile lina moto mzuri sana. Kwa mara ya kwanza nikapenda habari za baridi kuliko baridi yenyewe. Nilitaka nambari, sikutaka umande. Basi kazi ya kusoma kipimajoto nikamkabidhi kijana mmoja wa kidato cha kwanza, ambaye alikuwa akiniuliza maswali mengi juu ya mawingu. Nilijiambia kwamba namfundisha.

Kijana huyo ametoka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Yafaa wasomaji wajue maana yake. Ziwa liko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Mpanda yetu iko zaidi ya mita 1,000. Tena maji mengi kama yale hupokea joto polepole na kuliachia polepole, kwa hiyo usiku watu wa pwani ya ziwa hupata joto ambalo ziwa liliweka mchana. Kijana yule alikuwa hajapata kukutana na asubuhi ya Mpanda. Alikuja mwezi wa Januari, wakati wa mvua, na sanduku lililofungwa na wazazi wake kwa hali ya hewa ya Januari: madaftari, mwavuli, shuka mbili. Sweta hapana, blanketi hapana.

Siku ya kwanza aliniletea 13. Siku zilizofuata akaniletea 12, kisha 11, kisha 10. Nilikuwa na furaha kubwa. Siku ya tisa akaniletea 8, nami nikaiandika kwa chaki katika ubao wa matangazo, kwa herufi kubwa, nikatia na mstari chini yake. Nilipokuwa nikiitazama ile 8 nikainua macho juu, nikaona mawingu. Yalikuwapo tangu jioni ya jana yake, mazito, kama hutokea siku moja moja katika msimu huo. Nyasi za uwanjani zilikuwa kavu, hapakuwa na umande. Wasomaji wamekwisha kuelewa: usiku wa mawingu na usio na umande hauwezi kuwa ndio usiku wa baridi kuliko zote.

Nilimwita nikamwuliza. Alikawia kujibu. Kisha akasema, "Kaka, siku ya kwanza nilikwenda. Nilikuambia kumi na tatu, ukasema, 'Kumi na tatu tu?'" Alipoona nimekunja uso alifahamu ni nambari gani niitakayo. Tangu siku ya pili alikuwa akifika kwenye pembe ya darasa la mwisho, husimama pale amejikunyata mpaka muda upite, akarudi na nambari ya kunifurahisha. Kuvuka uwanja hakuweza, kwa kuwa ndala zilimteleza katika umande na shati lilikuwa moja.

Nitasema kweli ingawa yaniaibisha. Kwanza nilikasirikia daftari. Miaka miwili na zaidi ya kuamka, na sasa limetiwa uongo! Aibu ya pili, ile iliyo kubwa, ilinijia baada ya chakula cha mchana. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nami nilikuwa nimembebesha mwenzangu baridi niliyosema naipenda, huku mimi nikiota moto.

Nilichukua kalamu nyekundu nikazikata zile asubuhi nane, nikaandika pembeni: "Haikupimwa." Ziko hadi leo. Ubao wa matangazo nao niliufuta, na wengine wakanicheka kwa wiki nzima.

Hapo naomba niwageukie wazazi wanaosoma gazeti hili, na walimu. Kidato cha kwanza huanza Januari. Hapana mzazi ambaye katika mvua na joto la Januari atakumbuka Julai, hasa akiwa na mengi ya kununua kwa mara moja. Tena katika vijiji vyetu vingi fedha hupatikana wakati wa soko la tumbaku au baada ya mavuno, ndiyo kusema wakati baridi imekwisha kuingia na mtoto yuko mbali. Naona ingefaa sana maneno "sweta" na "blanketi zito" yaandikwe katika orodha ya vitu vya kuja navyo pamoja na sababu yake, na asiyeweza Januari aambiwe kwamba aweza kuleta baada ya likizo ya Juni. Kwa viranja wenzangu nasema: tuwaache wadogo waoge saa kumi jioni katika miezi hii, maji yakiwa yamepata jua. Katika bweni letu tumefanya hivyo mwaka huu. Wako waliopinga, wakasema baridi humkomaza mtu. Labda humkomaza mwenye blanketi la kurudia. Mwalimu wetu wa baiolojia ametufundisha ya kuwa mwili mdogo hupoteza joto upesi kuliko mkubwa, kwa kuwa ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Basi yule tumwambiaye avumilie ndiye anayepoteza zaidi.

Sasa nirudi kwa rafiki yangu na wazee wake wasiopenda baridi.

Likizo ya Juni mwaka huu nilikwenda nyumbani Inyonga, na kwa ruhusa ya mwalimu nikachukua kipimajoto cha pili. Babu yangu alikuwa mrina asali, akiingia msituni majuma mengi na kulala kando ya moto. Miezi ya kipupwe ndiyo iliyokuwa miezi yake, maana maua ya miombo yamekwisha kutoa asali, mvua hakuna, na katika baridi ya usiku nyuki huwa wazito. Hapakuwa na mtu aliyependa baridi kumshinda. Sasa amepita miaka sabini, na magoti yanamsumbua. Asubuhi huweka kigoda chake upande wa mashariki wa nyumba, kwenye ukuta ule ule niliokuwa nikiota jua mimi, kisha hukisogeza kidogo kidogo kulifuata jua. Ukitaka kujua saa, tazama kigoda cha babu.

Usiku alitaka jiko la mkaa liingizwe chumbani. Bibi alikataa, nami nikamuunga mkono, nikamweleza babu kwamba mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu, na ya kuwa watu wamelala nayo wasiamke. Akasema, "Mjukuu wangu, nimelala na moto maisha yangu yote." Nikamjibu, "Kweli babu, lakini msitu hauna kuta." Alinitazama, akacheka, akaomba blanketi la pili.

Kwa nini mtu aliyelala msituni sasa atetemeke nyumbani? Mwili wa mzee una misuli michache, na misuli ndiyo itoayo joto. Tena mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi haijikazi upesi kama zamani ili kulizuia joto lisitoke. Kwa hiyo baridi ya babu si baridi yangu, japo kipimajoto kimoja chatusomea nambari moja.

Lakini hili ndilo lililonishangaza. Kila asubuhi nilipomwamkia, "Shikamoo babu," aliitikia "Marahaba," na kabla sijamwuliza hali yake aliniuliza, "Leo ngapi?" Nikitaka kumjibu hunizuia kwa mkono. Sharti kwanza akisie yeye kwa magoti yake. Nikisema 12 naye amekisia 12, hupiga paja kwa furaha. Nikisema 14 naye amekisia 11, husema kipimajoto changu kimeharibika. Mtu huyo ameacha kupenda nini? Baridi ya kulala nje, ndiyo, imemwacha, wala haitarudi. Sitaki kujidanganya juu ya hilo, na yeye mwenyewe huiongelea kama mtu anavyomwongelea ndugu aliyehama. Lakini kuifuatia, kuitambua inapoingia na kubishana nayo, hayo hajayaacha.

Babu husema pia ya kwamba baridi ya siku zake ilikuwa kali kuliko ya sasa. Zamani nilidhani wazee wote husema hivyo kwa kuyapenda mambo ya ujana wao. Sasa sina hakika. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limetangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa wa joto kupita miaka yote iliyopimwa, zaidi kwa nyuzi 1.5 na kitu kuliko ulivyokuwa wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Huenda babu asema kweli, ingawa mwili wake wamwambia kinyume chake kila asubuhi. Goti la babu halitaweza kuamua jambo hilo. Daftari litaweza, likipata watu wa kuliandika kwa miaka mingi, na likiandikwa kweli. Ndiyo sababu zile asubuhi nane zaniuma hata leo.

Basi rafiki yangu, majibu yangu ni haya. Sipendi tena baridi kama nilivyoipenda nikiwa na miaka saba, wala kama nilivyoipenda nikiwa na miaka kumi na minne. Nikiona mbingu zimetakata jioni, bado moyo wangu huruka. Lakini mara hiyo hiyo huja magoti ya babu, na shuka mbili za kijana wa Karema, na furaha hupungua kidogo. Huko kupungua mimi sikuiti kuacha. Mwezi wa Novemba tutafanya mtihani, kisha tutaondoka, nami sijui kama nitakakokwenda kuna mtu mwenye sanduku jeupe.

Kijana wa Karema sasa yuko kidato cha pili, naye ndiye atakayelichukua daftari. Anavaa sweta langu la zamani, ambalo mikono yake imenipita kwa ufupi. Muhula huu twavuka uwanja wote wawili, yeye asoma, mimi nashika tochi na kuandika. Juzi alifungua sanduku, akainama karibu na kipimajoto, kisha kabla ya kusema lolote akanigeukia kunitazama usoni. Nikageuza uso nikaangalia magoli ya uwanja mpaka aliposema, "Kumi na nne."